Chapati za Maji Zilizoumuka: Staftahi ya Nyumbani kwa Jamaa wa Kinango

Kati ya kutoa salamu ya swala ya alfajiri na mtoto kushika njia ya shule, mama wa Kinango ana muda mchache na kazi nyingi. Moto uwashwe, maji yapimwe yasije yakaisha kabla ya jioni, sare zitafutwe, mdogo aamshwe mara ya tatu. Katika haraka hiyo, jambo la kwanza kuachwa huwa ni chakula. Mtoto hupewa sarafu akanunue mahamri njiani, au huondoka na kikombe cha chai ya rangi peke yake, akatembea mwendo mrefu, kisha akakaa darasani tumbo likimnguruma hadi kengele ya mapumziko. Mwalimu humwona mzembe, kumbe ni mtoto mwenye njaa.

Juma hili tumekusudia kuzungumza na jamaa zetu juu ya chakula kimoja kiwezacho kuuziba upengo huo: chapati za maji zilizoumuka, nene, laini, zenye matundu ndani kama sifongo. Vijana wetu wafanyao kazi katika mahoteli ya Diani huziita pankeki, na kila asubuhi huwapikia wageni. Watu wengi hudhani ulaini wake unatokana na vitu vya gharama ambavyo havipatikani upande huu wa milima ya Shimba. Dhana hiyo si sahihi. Kinachoulainisha unga ule ni uchachu kidogo, hewa na subira, na uchachu huo Kinango umejaa tele: umo katika kibuyu cha maziwa lala na umo juu ya mbuyu.

Chakula chenye ndugu wengi

Kabla ya kuingia jikoni, inafaa tujue kwamba chakula hiki si kigeni kwetu. Mwambao wote wa Waswahili una mapishi ya unga mwepesi umiminwao juu ya chuma cha moto. Kuna chapati za maji za kawaida, nyembamba, zipikwazo kwa unga wa ngano, maji na yai. Kuna vibibi vya mchele na tui, viumuliwavyo kwa hamira na kutiwa iliki, ambavyo hupikwa upande mmoja tu na kuachwa matundu yake yakiwa wazi kwa juu. Kuna mkate wa kumimina, nao ni mchele na nazi vilevile, ila huokwa moto juu na moto chini. Majirani zetu Wasomali wana anjera yao, na Wayemeni wana lahoho.

Ukitazama mbali zaidi katika miji ya Waislamu, utaona undugu huo unaendelea. Watu wa Moroko hula baghrir, chapati ya semolina yenye matundu mengi mno, nayo hupikwa upande mmoja kama kibibi. Misri na Shamu, mwezi wa Ramadhani haupiti bila ya qatayif, vijichapati vilivyoumuliwa, vikapikwa upande mmoja, kisha vikakunjwa na kujazwa njugu au jibini. Basi mama wa Kinango akimimina upawa wake wa unga juu ya kikaango, anafanya lile lifanywalo na mama zake wengi, kila mmoja kwa nafaka na maziwa ya nchi yake.

Neno la mwisho hilo ndilo la kulishika. Watu wa Msambweni, Gazi na Tiwi wana minazi mlangoni, na ndiyo sababu mapishi yao yamesimama juu ya tui. Sisi tulio nyuma ya milima, nazi hutufikia kwa gari, na bei yake hupanda kila inapopanda kilima cha Kwale. Nchi yetu ni ya ng'ombe na mbuzi, ya mahindi na muhogo, ya mikwaju na mibuyu. Anayetaka staftahi ya kila siku isiyomtia madeni, na aanzie hapo.

Kwa nini unga huumuka

Kuumuka kwa unga ni jambo la hewa. Hamira ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa jicho. Hula sukari iliyomo ndani ya unga na kutoa hewa. Kazi yao huchukua saa nzima au zaidi, na ndiyo maana mahamri hukandwa mapema na kufunikwa. Soda ya kuokea haina uhai wala haihitaji kungoja. Ikikutana na kitu kichachu, kama maziwa lala, ndimu au ukwaju, hutoa hewa papo hapo. Matone ya hewa hunaswa ndani ya unga mzito, moto huyatanua, na yai pamoja na wanga huganda kuyazunguka. Hivyo ndivyo ulaini unavyopatikana.

Ule unga mweupe wa kopo, bekingi pauda, ni soda hiyohiyo iliyochanganywa na kitu kichachu kikavu, ili vyote viwili viamke vinapopata maji. Aliyeutengeneza kwa mara ya kwanza kama biashara ni mkemia wa Birmingham, Uingereza, jina lake Alfred Bird, mwaka 1843. Sababu yake ilikuwa ya nyumbani: mkewe alikuwa akidhurika kila alapo hamira na mayai, naye akatafuta njia ya kumpatia mkate alioweza kuula. Tunalitaja hili kwa kuwa mapishi mengi mazuri yamezaliwa hivyo, mtu mmoja akimfikiria mgonjwa au mtoto wake mezani.

Tahadhari moja hapa ni ya lazima. Soda ya kuokea si magadi ya mawe ambayo baadhi yetu hulainishia maharage. Magadi yale ni makali zaidi, huharibu ladha na rangi ya chapati, na hayapimiki vyema. Nunua ile iliyoandikwa kuwa ni ya kuokea, uihifadhi mahali pakavu, na usizidishe kipimo. Ikizidi, chapati huwa na rangi ya manjano na ladha ya sabuni.

Namna ya kupika kwa maziwa lala

Kwa jamaa ya watu watano au sita, andaa vitu vifuatavyo. Vikombe 2 vya unga wa ngano. Vijiko 2 vya chakula vya sukari. Nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko 1 cha chai cha soda ya kuokea, kisawazishwe juu kwa kisu. Na iliki kidogo iliyotwangwa. Hivyo ni vitu vikavu. Upande wa pili, maziwa lala vikombe 2, yai 1, na vijiko 2 vya samli iliyoyeyushwa au mafuta ya kupikia. Maziwa yakiwa mazito sana, yapunguze kwa maji kidogo.

Usiku, baada ya swala ya isha, pima vitu vikavu, uvichekeche pamoja katika bakuli kubwa, uvifunike vizuri. Hiyo ndiyo siri ya mama mwenye haraka. Usichanganye maziwa na yai usiku, kwa kuwa joto letu halisamehe. Yai lililovunjwa na kulala nje huharibika, na soda huwa imekwisha nguvu kabla ya asubuhi.

Asubuhi, weka kikaango juu ya moto kabla ya jambo lolote, kipate joto polepole. Koroga yai ndani ya maziwa, tia samli, kisha fanya shimo katikati ya unga mkavu na umimine. Koroga kwa mwiko mara chache tu, hadi usione unga mkavu. Mabonge madogo yakibaki, yaache. Wengi wetu tumezoea kuupiga unga hadi uwe laini kama hariri, na katika chapati za maji nyembamba hilo halina dhara. Lakini ngano ikipigwa sana hunyumbuka kama mpira, na chapati nene hutoka ngumu yenye kutafunika kwa shida. Uache mchanganyiko utulie kwa dakika 5, usizidishe, kisha upike bila ya kuukoroga tena.

Jaribu kikaango kwa matone ya maji. Yakitulia na kuchemka taratibu, moto bado. Yakirukaruka na kukauka, kikaango ki tayari. Yakitoweka papo hapo, moto umezidi. Wanaopikia makaa wayatawanye. Wanaopikia kuni wangoje mwali ushuke, wapikie kaa lake. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani kukiwa na ubichi, na hapo ndipo chapati nyingi hupotea.

Paka mafuta kidogo kwa kitambaa, kisha mimina upawa mmoja mdogo. Usiutandaze, utajieneza wenyewe. Tazama juu yake. Kwanza zitatokea povu, kisha povu zitapasuka na kuacha matundu yasiyozibika, na kingo zitakauka. Geuza wakati huo, mara moja tu. Usiigandamize chapati kwa mwiko, kwani unaifukuza hewa uliyoitafuta. Upande wa pili huhitaji muda usiofika nusu ya ule wa kwanza. Kipimo hiki hutoa chapati 12 hadi 14 za kadiri. Zipange ndani ya kitambaa safi, na mvuke wake utazihifadhi laini hadi wa mwisho akae kula.

Ng'ombe wakikauka, tuelekee mbuyuni

Msomaji wa Ndavaya au Samburu atauliza swali la haki: maziwa hayo yatatoka wapi? Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika, na kaunti yetu ya Kwale ilikuwa miongoni mwa zile zilizopigwa na ukame. Ng'ombe walikufa, waliobaki wakakauka viwele. Mapishi yategemeayo maziwa peke yake si mapishi ya nchi hii.

Hapo ndipo mbuyu unapotusaidia, mti uwezao kusimama pale ambapo mahindi yamelala. Unga mweupe unaozizunguka mbegu za ubuyu ni mchachu, tena uchachu wa aina ileile itumiwayo na waokaji. Huko Afrika Kusini, wenye kusema Kiafrikana huuita mbuyu kremetartboom, na jina hilo wamelichukua kutoka kwa unga mchachu unaotiwa katika bekingi pauda. Watoto wetu waujuao ubuyu kwa rangi nyekundu na sukari hawajaambiwa kwamba una kazi jikoni.

Chukua konzi mbili za ubuyu ambao haujatiwa rangi wala sukari. Uroweke katika vikombe 2 na robo vya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kwa muda wa nusu saa au usiku kucha ndani ya chombo kilichofunikwa. Vuruga kwa mkono safi hadi mbegu zibaki tupu, kisha chuja. Utapata maji meupe mazito, yanayofanana na maziwa lala kwa sura na kwa uchachu. Yatumie mahali pa maziwa, kwa vipimo vilevile. Chapati hutoka na rangi iliyokoza kidogo na ladha yenye uchangamfu. Ukikosa ubuyu, maji mepesi ya ukwaju au vijiko 2 vya ndimu ndani ya maji hufaa pia. Yai nalo likikosekana, ongeza kijiko kimoja cha mafuta. Chapati itavunjika kwa urahisi zaidi, lakini italika.

Kupunguza ngano

Sehemu kubwa ya ngano isagwayo nchini kwetu hutoka ng'ambo, hushushwa bandarini Mombasa. Vita vilipozuka baina ya Urusi na Ukraini mwezi wa Februari 2022, mama aliyekuwa Kinango, asiyejua nchi hizo ziko wapi, aliviona vita hivyo katika bei ya pakiti ya unga. Kwa hiyo ni busara kujizoesha kuchanganya.

Theluthi moja ya unga wa ngano yaweza kubadilishwa na unga wa mahindi. Mimina maji ya moto kidogo juu ya unga huo wa mahindi kwanza, uuache upoe, ili usikwaruze mdomoni. Unga wa muhogo nao huingia vizuri kwa kiasi cha robo, na huifanya chapati iwe laini zaidi kwa kuwa muhogo hauna ule mnyumbuko wa ngano. Uwe ni muhogo uliokaushwa barabara na usio mchungu, kwa kuwa muhogo mchungu una sumu isiyotoka kwa kuoka peke yake. Mtama pia wafaa, nusu kwa nusu, ingawa chapati zake huwa nyeusi na watoto huhitaji kuzizoea. Kumbukeni kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji kuongeza madini na vitamini katika unga wa ngano na wa mahindi uuzwao kwenye pakiti; mahindi ya kusaga kwa posho hayana nyongeza hiyo, basi mayai, mboga na maharage yawe karibu nayo.

Kwa siku ya Jumamosi au Jumapili, watoto waendapo madrasa kwa utulivu zaidi, mama anayependa vibibi aroweke vikombe 2 vya mchele usiku. Asubuhi ausage kwa kikombe kimoja na nusu cha tui zito, atie kijiko 1 cha chai cha hamira, sukari robo kikombe, iliki, na kijiko kimoja cha unga wa ngano wa kushikiza. Aufunike kwa saa moja hadi ujae povu, kisha apike upande mmoja, kikaango kikiwa kimefunikwa. Pishi hili linafaa pia kwa futari, na lile la maziwa lala linafaa kwa daku, kwani halichukui muda.

Nani apike?

Tumesema mama, mama, mama, na pengine baadhi ya kina mama wameshaanza kutununia. Mwanamke wa Kinango ambaye jana alitembea hadi bwawani kuchota maji, akarudi na kuni, hatakiwi kuongezewa mzigo mwingine kwa jina la staftahi nzuri. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na swala ikifika alitoka kwenda kuswali. Mapokezi haya yamo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Baba arudiye kutoka msikitini alfajiri aweza kuwasha moto. Kijana wa miaka 12 aweza kupima vitu vikavu usiku, na binti vivyo hivyo. Wala hakuna sababu ya binti kujua kugeuza chapati na kaka yake asijue. Vijana wanaowapikia wageni wa Diani ni wanaume wengi, na hakuna anayewacheka wakipokea mshahara.

Pishi lenyewe pia linatuhurumia. Vyombo vyake ni bakuli moja, mwiko, upawa na kikaango, kwa hiyo maji ya kuoshea ni machache. Mafuta yake ni ya kupaka tu, tofauti na mahamri yanayoelea ndani ya karai. Na anayetaka kujua kama anaokoa fedha, na afanye hesabu kwa juma moja: aandike anachotumia kununua vya njiani kwa kila mtoto, kisha aandike bei ya unga, yai, maziwa au ubuyu, na makaa. Daftari litamjibu kwa bei za mtaa wake mwenyewe.

Kukaa pamoja

Kuna faida nyingine ambayo daftari haliandiki. Mtoto anayenunua mahamri njiani hula akitembea, peke yake, pengine bila ya kunawa. Mtoto anayekula nyumbani huketi. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, ambaye alikuwa kijana mdogo chini ya malezi yake, ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Mafundisho hayo yalitolewa chakula kikiwa mbele yao, mikono ikiwa ndani ya sahani moja. Adabu za kula hazifundishiki penginepo.

Dakika 10 za mkekani asubuhi humpa mzazi nafasi ya kumtazama mtoto wake usoni kabla hajatoka: kama amelala vizuri, kama ana homa, kama kuna jambo shuleni analoliogopa. Watoto husema mengi vinywa vyao vikiwa na chakula, na mzazi mwenye kikombe cha chai mkononi husikiliza kuliko mzazi aliyesimama mlangoni akihimiza.

Anayetaka kuanza asianze Jumatatu. Aanze Jumamosi, apike nusu ya kipimo, aujue moto wake na kikaango chake. Chapati ya kwanza mara nyingi hutoka mbaya kwa kila mpishi, maana kikaango hakijatulia. Hiyo humpata yule mdogo anayesubiri karibu na jiko, naye hailalamikii. Ikifika Jumatatu, bakuli la unga mkavu liwe limefunikwa tangu usiku, na kila mmoja wa nyumba awe anaijua kazi yake.

Mwenyezi Mungu atubarikie asubuhi zetu, ainyeshee nchi yetu mvua ya heri, awajaze maziwa ng'ombe wetu, na awakinaishe watoto wetu kwa riziki ya halali. Amin.